Ambulensi ya Toyoyo

Refa alikuwa ameshakagua njumu. Alikuwa amepokea fomu za timu zote mbili, akalinganisha picha za leseni na nyuso zetu, mmoja baada ya mwingine, akazunguka magoli yote mawili akivuta neti kwa kidole. Kisha akaja hadi kwenye benchi letu na kuuliza swali tulilokuwa tukiliogopa tangu saa saba mchana.

"Ambulensi yenu iko wapi?"

Ilikuwa Jumapili, mwaka 2019, uwanja wa Camp Toyoyo kule Jericho, Nairobi. Mechi yetu ya Ligi Kuu ya Wanawake ilipangiwa saa tisa. Timu ya nyumbani ndiyo inayoleta ambulensi, na bila ambulensi kando ya uwanja refa hapulizi filimbi. Wageni wanapewa ushindi wa mezani, basi. Waliotuahidi gari walituahidi Ijumaa, tena kwa maneno matamu. Jumapili hiyo kocha alipiga nambari yao mara kumi na mbili, na mara kumi na mbili akaambiwa mteja hapatikani kwa sasa.

Mimi nilikuwa kipa, na ndimi niliyeshika pesa za timu. Walinipa kazi hiyo kwa sababu siku za wiki nilikuwa nafanya kazi kwenye kibanda cha M-Pesa kule Umoja, wakaona mtu wa kuhesabu ndiye huyo. Timu yetu haikuwa na mdhamini. Wengi wetu hatukuwahi kupokea mshahara wa mpira hata mwezi mmoja. Tulikuwa na wauza mitumba, wasusi, wanafunzi wa chuo, na beki mmoja aliyekuwa akifua nguo za watu Buruburu na kuja mazoezini vidole vimekunjamana kwa maji. Kila mtu alitoa alichonacho, nikakiweka kwenye kimkoba cha zipu, nikaandika kwenye daftari. Siku hiyo kimkobani mlikuwa na shilingi 2,300. Hizo zilikuwa mwanzo wa nauli ya safari yetu iliyofuata, na safari hiyo hatukuwa na ruhusa ya kuikosa. Msimu huo tulikuwa tumeshashindwa kusafiri mara mbili. Ya tatu ingetutoa ligini bila mtu kutufunga goli.

Refa alitazama saa yake. "Nawapa nusu saa."

Ngoja niseme jambo kuhusu mwaka ule, kwa sababu watu waliotutazama kwa mbali waliona picha nyingine kabisa. Ulikuwa mwaka mkubwa kwa soka la wanawake Kenya. Vihiga Queens walichukua ubingwa wa ligi kwa mara ya tatu mfululizo. Oktoba 8, pale Kasarani, Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, waliwatoa Ghana katika mchujo wa Olimpiki, Mwanalima Adam akifunga goli la pekee katika muda wa nyongeza. Novemba mwaka huohuo walitwaa kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, Dar es Salaam, wakiwalaza wenyeji Tanzania 2-0 katika fainali. Wateja wangu pale kibandani walinipongeza kana kwamba nilikuwa langoni mimi mwenyewe, na nilifurahi, kweli nilifurahi sana. Lakini wasichana wale wa taifa walitoka kwenye ligi hii hii ya kwetu. Walikaguliwa njumu hivi hivi, wakasubiri magari hivi hivi. Mtu akishangilia goli la Kasarani, nilitamani ajue kwamba goli hilo lilianza kwenye viwanja kama Toyoyo, mbele ya watu arobaini, siku ambazo mechi yenyewe ilikuwa bado haijulikani kama itachezwa.

Kocha alipata nambari ya dereva wa ambulensi ya kibinafsi. Dereva akasema 7,000. Tukamwomba, akashuka hadi 5,000, akasema yuko Makadara na anaweza kufika kwa dakika kumi akiona pesa zimeingia kwenye simu. Nikafungua kimkoba. Wenzangu wakanitazama, kila mmoja akijua zile ni pesa za nini, na hakuna aliyesema neno. Nilihesabu 2,300 mara mbili, nadhani nilitumaini zingeongezeka.

Vijana wa kiume waliokuwa wakingoja sisi tumalize ili nao wacheze walichanga 700, noti za hamsini hamsini na sarafu. Mama wa chapati anayekaa nje ya lango alitoa 500 kutoka kwenye leso yake. Nilimwambia, "Mama, tutakurudishia." Akasema, "Chezeni kwanza." Jumla 3,500. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki, na hapo tukawa tumefika mwisho wa watu tunaoweza kuwaomba.

Wageni wetu walikuwa upande wa pili wa uwanja, wamekaa chini ya ukuta wakitafuta kivuli. Walitoka Magharibi mwa Kenya Jumamosi jioni, wakasafiri usiku kucha kwa matatu, watu kumi na wanane ndani ya viti kumi na vinne. Walikuwa pointi moja tu juu yetu kwenye jedwali. Ushindi wa mezani ungewaweka mahali pa kupumua, nasi ungetuzika. Hawakuhitaji kufanya lolote ila kukaa pale kivulini kwa dakika kumi na mbili.

Kapteni wao alivuka uwanja akija kwetu. Alikuwa mshambuliaji, mrefu, na mwendo wake ulikuwa wa mtu ambaye miguu bado haijaamka.

"Mmepungukiwa ngapi, kipa?"

Nikamwambia 1,500. Akarudi kwao. Kutoka pale tulipokuwa tulimwona akizungumza na kocha wake, kocha akitikisa kichwa, tena akitikisa kichwa, na sauti ya kapteni ikapanda hadi ikatufikia.

"Kocha, nimekunja haya magoti tangu jana jioni. Sikuja Nairobi kutia sahihi ya ushindi wa mezani."

Kocha wao hakuwa mtu mbaya. Pesa alizoshika zilikuwa za chakula cha usiku njiani, na alikuwa na wasichana wa shule kwenye kikosi ambao mama zao walimkabidhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akatoa noti moja ya elfu na moja ya mia tano, akampa kapteni bila kumtazama. Kapteni akavuka uwanja tena, akaniwekea mkononi. Nilijaribu kumwambia kwamba ni deni, kwamba nitaliandika kwenye daftari. Akasema, "Andika baadaye. Tuma pesa, saa inaenda."

Nilituma. Ambulensi iliingia langoni dakika tatu kabla ya muda kwisha, bila king'ora, vumbi likiifuata, na nakumbuka timu zote mbili zilipiga makofi. Timu mbili zilizokuwa zikipigania kubaki ligini, zinapigia gari makofi.

Mechi ilianza saa kumi kasoro dakika kumi. Nyasi bandia za Toyoyo zikichomwa na jua siku nzima huwa kama sufuria, na zile punje nyeusi za mpira huingia ndani ya njumu hadi zikawasha nyayo. Kipindi cha kwanza sina mengi ya kusimulia. Tulipata kona, yule beki wetu wa Buruburu akapanda juu ya watu wote na kuupiga kichwa, 1-0. Tulienda mapumziko tukiwa tumetoka kwenye eneo la kushushwa daraja.

Dakika ya sabini hivi, kiungo wao alipenyeza pasi katikati ya mabeki wetu. Nilijua tangu mpira ulipomtoka mguuni kwamba ni wangu na wa kapteni wao, wawili tu. Nikatoka langoni. Kipa akishatoka hawezi kufikiri mara mbili, maana akisita ndipo anapoumia au kuumiza. Sikusita. Niligusa mpira kwanza, ukaenda nje, na goti langu likaendelea mbele kwa sababu mwili ukishatupwa hausimami. Nilisikia mlio kabla sijaona. Alianguka kwa bega la kulia, akabaki amelala ubavu, mkono umekaa vibaya, akivuta pumzi fupi fupi.

Refa alionyesha kona. Hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyebisha. Ingekuwa rahisi kwangu kama wangenipigia kelele.

Nilipiga magoti kando yake. Nikasema samahani, nikasema tena, sijui mara ngapi. Alikuwa amefumba macho. "Ulikuwa mpira wako," akasema.

Wahudumu walikuja na machela. Mmoja aligusa karibu na shingo yake, akasema ni mtulinga, umevunjika. Wakampakia, kocha wake akapanda naye, milango ikafungwa, na gari lililolipwa kwa chakula chake cha usiku likatoka naye langoni kuelekea barabara ya Jogoo.

Ndipo mechi ikasimama. Ambulensi ikiondoka, mchezo hauendelei hadi irudi, sheria ni ileile. Tulikaa chini palepale uwanjani kungoja. Mwanzoni kila timu ilikaa upande wake, halafu mmoja akaenda kuomba maji, mwingine akaenda kuuliza kama ana jamaa Nairobi wa kumkalia mgonjwa, na baada ya muda ukitazama ungeona jezi za rangi mbili zimechanganyika kwenye duara la kati. Mama wa chapati alipitisha chapati zilizobaki, kila moja ikikatwa vipande vinne. Mimi nilibaki karibu na goli langu. Njumu za kapteni zilikuwa palepale kwenye boksi, wahudumu walimvua kabla ya kumbeba. Nilizichukua, nikatoa punje nyeusi moja moja, nikaziweka nyuma ya neti pamoja na chupa yangu ya maji.

Gari lilirudi karibu saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya nyumba za Jericho na Toyoyo haikuwa imewashwa taa yoyote. Walimwingiza msichana mdogo mahali pa kapteni, mwanafunzi, soksi moja nyeupe na nyingine ya bluu. Zikiwa zimebaki dakika nne, mpira ulimwangukia nje ya boksi. Hakuutuliza. Aliupiga ukiwa hewani, na mimi niliuona nimechelewa, ukiwa tayari unapita kushoto kwangu. Wengine wamesema ni giza. Hapana. Ulikuwa mpira mzuri sana, hata mchana ungeingia.

Moja moja. Filimbi ya mwisho ikalia hatuonani vizuri nyuso.

Msimu ulipokwisha wao walibaki Ligi Kuu, sisi tukashuka. Pointi mbili tulizopoteza dakika zile nne zingetuokoa, na kuna wenzangu ambao hadi leo wakilitaja goli lile wananyamaza katikati ya sentensi. Nauli ya ile safari tuliipata baadaye kwa kuomba omba mitaani, na tulisafiri. Siku hizi nikiona timu kama Kenya Police Bullets, ile iliyokuwa Thika Queens, ikichukua ligi na kisha kwenda kulitwaa kombe la CECAFA la klabu kule Addis Ababa mwaka 2024, ikiwa na taasisi nzima nyuma yake, mimi hukaa mbele ya televisheni nikiangalia pembeni ya uwanja. Natafuta kama gari limefika.

Jioni ile nilipanda boda hadi hospitalini, njumu zake ndani ya begi langu. Matatu yao ilikuwa imeegeshwa nje, wachezaji wamelala wakiegemeana, dereva akisubiri ruhusa ya kuanza safari ya usiku mwingine. Nilimkuta kapteni kwenye korido, ameketi kwenye benchi la mbao, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa cheupe. Kocha wake alikuwa dirishani akishughulikia karatasi. Aliponiona alisogea kidogo kunipa nafasi ya kukaa.

"Iliishaje?"

"Moja moja."

Aligeuka kunitazama, ghafla, hadi bega likamuuma akakunja uso. "Nani alifunga?"

"Yule mdogo. Wa soksi mbili."

"Kwa mguu gani?"

"Wa kushoto. Ukiwa hewani. Sikuugusa."

Alifumba macho, akaegemeza kichwa ukutani, na nikaona mdomo wake ukitabasamu taratibu. Nilitoa zile njumu. Kwa mkono wake mmoja hakuweza kufunga kamba, kwa hiyo nilizifunga pamoja mimi, fundo mara mbili, nikamvika shingoni upande usiouma. Nikatoa daftari, nikamwonyesha nilipoandika: wageni, 1,500.

"Niambie lile goli tena," akasema. "Tangu pasi."

Nikaanza upya.