Xabi Alonso na mtu wa pembeni yake

Lisbon, 24 Mei 2014, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Dakika ya 110 Gareth Bale anaifungia Real Madrid bao la pili dhidi ya Atlético, na bwana mmoja mwenye suti anachoropoka jukwaani, anakimbia pembeni mwa uwanja kama aliyepandwa na mashetani. Ni Xabi Alonso. Fainali hiyo hakuicheza. Kwenye marudiano ya nusu fainali kule Munich, Madrid ikiwa imeshamaliza kazi mapema, aliteleza kumpokonya mpira Bastian Schweinsteiger wa Bayern, akaukosa, akala kadi ya njano iliyomtoa kwenye fainali.

Mtu huyohuyo ndiye aliyewahi kusema kwamba kuteleza miguuni mwa mpinzani si kipaji cha kufundishwa, ni njia ya mwisho mambo yakishaharibika. Alipokuwa Liverpool alishangaa kuona vijana wa akademi, wakiulizwa wana sifa gani, wanataja shuti na kukaba kwa kuteleza. Kwake yeye, ukijikuta chini kwenye nyasi maana yake ulikosea sehemu ya kusimama sekunde chache nyuma.

Ninaamini mambo hayo mawili hayapingani. Alonso hakuwa na mbio. Nafasi ikiwa wazi pembeni yake, alichelewa, na aliyechelewa huteleza. Ndiyo maana mimi huisoma safari yake yote kwa swali moja: msimu huu, nani alisimama pembeni yake?

Mwanzo wake nitaupita haraka. Alizaliwa 25 Novemba 1981 mjini Tolosa, katika Nchi ya Basque. Baba yake, Periko Alonso, alikuwa kiungo aliyetwaa ubingwa wa Hispania mara mbili na Real Sociedad, 1981 na 1982, kisha mara moja na Barcelona, 1985. Mpira wa utotoni aliucheza San Sebastián, ikiwemo klabu ya watoto ya Antiguoko alikokuwa pamoja na Mikel Arteta. Real Sociedad ikampeleka Eibar kwa mkopo, na Januari 2001 kocha John Toshack akamrudisha Sociedad, timu ikiwa mkiani, akamvalisha kitambaa cha unahodha akiwa na miaka 19. Hawakushuka daraja.

Msimu wa 2002/03 hausemwi vya kutosha. Sociedad chini ya kocha Mfaransa Raynald Denoueix ilimaliza ya pili kwa pointi 76, mbili tu nyuma ya Real Madrid ya Zidane na Ronaldo yule Mbrazil. Mbele walikuwepo Darko Kovačević na Nihat Kahveci, kulia Valeri Karpin, kushoto Javier de Pedro. Na katikati, pembeni ya Alonso, alikuwepo Mikel Aranburu, mtu wa kukimbia bila kelele. Aranburu aliziba mashimo, Alonso akapata muda wa kupiga ile pasi yake.

Pasi yenyewe inastahili kuchambuliwa polepole, maana wengi wanaiiga na kuishia kuurusha mpira nje.

Uwanja wa kawaida wa mashindano ya kimataifa una mita 105 kwa 68. Alonso alipenda kusimama hatua chache kushoto mwa duara la kati, akiutuma mpira kwa winga wa kulia, mwendo wa mita 40 hadi 50 kwa mshazari. Mpira uliopigwa kwa nguvu na usawa hukaa hewani kama sekunde mbili. Beki wa pembeni anayeanza akiwa amesimama hawezi kula mita nyingi kwa muda huo. Ukiupeleka mpira upande uleule kwa pasi fupi tatu, kila mmoja akitulia kidogo, umeshatumia sekunde tano au sita, na timu nzima ya wapinzani imeshahamia huko. Hesabu ndiyo hiyo.

Ukimtazama kwenye video za zamani, acha kufuata mpira, fuata shingo yake. Kabla mpira haujatoka mguuni mwa beki anayempa, ameshageuka kuangalia bega moja, kisha jingine. Anaangalia vitu viwili: mpinzani aliye karibu naye yuko umbali gani, na beki wa upande wa mbali amesimama ndani kiasi gani. Kama yule beki ameingia ndani kusaidia wenzake, uamuzi umeshafanyika. Kuanzia hapo kinachobaki ni mguu tu.

Mwili wake haumtazami anayempa pasi. Nyonga ziko wazi, nusu zinatazama goli la wapinzani, na mpira anauacha upite mbele ya mguu wa kushoto hadi mguu wa kulia, ulio mbali. Mguso wa kwanza hauuzimi mpira. Unausogeza kama mita moja mbele kwa mshazari, kiasi kwamba hatua inayofuata inaukuta ukiwa tayari kupigwa. Anayeuzima kabisa chini ya kiatu hulazimika kuusogeza tena, na mguso huo wa ziada ndio unaompa mpinzani nafasi ya kufika.

Mguu wa kushoto unakanyaga kando ya mpira, kama shubiri moja hivi, vidole vikitazama kule mpira unakokwenda. Mguu wa kulia unakuja kwa mshazari, kifundo kimekazwa, na kinachougusa mpira ni mfupa wa juu ya mguu upande wa ndani, pale gidamu zinapoanzia, chini kidogo ya katikati ya mpira. Kisha mguu unakatishwa mapema, hauendi juu kama wa mpiga shuti. Mpira unatoka ukizunguka kinyumenyume, unapaa kwa usawa wa kadiri, na ukishuka unapunguza mwendo badala ya kukimbilia mstari.

Kasoro huanzia mguu wa kukanyagia. Ukiwa nyuma sana ya mpira, kifua kinalala nyuma na mpira unapaa kama kishada. Beki anausubiri chini. Ukiwa karibu mno, mguu wa kupiga unakosa njia na mpira unatoka na mzunguko wa pembeni, unakimbilia nje. Ukiugonga katikati kabisa, hauinuki, unamgonga kiungo wa kwanza aliye mbele. Na kuna kosa ambalo halionekani kwa macho ya haraka: kumpa winga kwenye mguu wa nyuma. Mpira umefika, makofi yanapigwa, lakini winga amesimama kuupokea na ule muda wote ulioupata umekwisha.

Mguu huohuo ndio uliofunga kutoka nusu yake ya uwanja mara mbili akiwa Liverpool. Ya kwanza ilikuwa Januari 2006 dhidi ya Luton, Kombe la FA, mechi iliyoisha 5-3: kipa alikuwa amepanda mbele kutafuta bao la kusawazisha, lango tupu. Ya pili ilikuwa Septemba mwaka huohuo dhidi ya Newcastle, na hii ndiyo ngumu zaidi kwa sababu kipa Steve Harper alikuwepo, ila amesogea mbele. Watu huita bahati. Bahati haitoshi kueleza mara mbili, na kuangalia bega kabla ya kupokea kunaeleza vizuri zaidi.

Turudi kwa mtu wa pembeni. Alonso alitua Liverpool Agosti 2004, akinunuliwa na kocha Rafael Benítez. Siku ya Mwaka Mpya 2005 alivunjika kifundo cha mguu katika mechi na Chelsea, akarudi Aprili moja kwa moja kwenye marudiano ya Ligi ya Mabingwa na Juventus kule Turin, 0-0, Liverpool ikapita. Raundi iliyofuata, mechi ya kwanza ya nusu fainali na Chelsea, kadi ya njano dakika za mwisho ikamkosesha marudiano. Unaona? Miaka tisa kabla ya Lisbon, hadithi ileile.

Fainali yenyewe ya Istanbul, 25 Mei 2005, dhidi ya Milan, kila shabiki anaikumbuka kwa mabao. Mimi naikumbuka kwa mabadiliko ya mapumziko. Kipindi cha kwanza Benítez aliwapanga Alonso na Steven Gerrard katikati. Gerrard alikuwa mtu wa kupanda, na nyuma yake Kaká akawa anapokea mpira akiwa amegeuka anavyotaka. Milan 3, Liverpool 0. Kipindi cha pili akaingia Mjerumani Dietmar Hamann, beki Steve Finnan akatoka, nyuma wakabaki watatu. Hamann akasimama pembeni ya Alonso, Kaká akapata mtu wa kumkera, na Gerrard akaruhusiwa kupanda bila kuacha shimo. Dakika ya 54 Gerrard, ya 56 Vladimír Šmicer, ya 60 penalti. Alonso akapiga, kipa Dida akaupangua, mpira ukarudi, akaumalizia kwa mguu wa kushoto, ukatikisa neti sehemu ya juu. Kombe likaamuliwa kwa matuta, 3-2.

Baadaye Javier Mascherano akaja kufanya kazi ya Hamann kwa nguvu zaidi, na msimu wa 2008/09 Liverpool ikamaliza ya pili kwa pointi 86. Kiangazi kilichotangulia klabu ilikuwa tayari kumuuza Alonso ili impate Gareth Barry. Kwa maoni yangu hilo ni kati ya makosa makubwa ya Benítez: lilimfanya kiungo wake bora ajione wa ziada. Agosti 2009 akaenda Real Madrid. Msimu uliofuata Liverpool ikashika nafasi ya saba. Mascherano alibaki akipokonya mipira kama kawaida, lakini mipira hiyo haikuwa na wa kumpelekea.

Madrid alipewa Sami Khedira, mbio na mapafu. Timu ya José Mourinho ya 2011/12 ilichukua ubingwa kwa pointi 100 na mabao 121, na mabao mengi ya kushtukiza yalianzia kwa Alonso: mpira umepokonywa, anapewa yeye, pasi moja kwa Cristiano Ronaldo au Ángel Di María, watu wanashangilia.

Timu ya taifa ndiko kulikozua ubishi. Kombe la Dunia 2010 Hispania ilifungwa 1-0 na Uswisi mechi ya kwanza, Alonso akiwa amegonga mwamba, na wengi wakadai kocha Vicente del Bosque aachane na mtindo wa kumpanga yeye na Sergio Busquets pamoja. Del Bosque hakuwatenganisha. Mechi saba, mabao mawili tu ya kufungwa, kombe. Robo fainali na Paraguay Alonso alifunga penalti, mwamuzi akaamuru irudiwe kwa sababu wachezaji waliingia ndani ya eneo mapema, ya pili ikadakwa. David Villa ndiye aliyeokoa jahazi. Katika fainali, dakika ya 28, Nigel de Jong alimkita daluga kifuani na kupewa njano badala ya nyekundu. Alonso aliinuka, akacheza hadi dakika ya 87.

Mechi yake ya 100 ya taifa ilikuwa robo fainali ya Euro 2012 na Ufaransa, Donetsk. Alifunga yote mawili: kichwa kutokana na krosi ya Jordi Alba, na penalti mwishoni. Kichwa kile ni somo la kufika kwa mtu asiye na mbio. Hakuna aliyemfuata kwa sababu hakuna aliyemtarajia pale, na hakuanza kukimbilia langoni mapema.

Kombe la Dunia la Brazil 2014 ndipo dawa yake ilipopatikana hadharani. Chile walikabia juu, mtu kwa mtu. Ukimkabia juu Alonso unamnyima kile kitu kimoja anachohitaji: ile mita ya mguso wa kwanza. Akipokea huku mtu yuko mgongoni, nyonga hazifunguki, anabaki kurudisha nyuma au kujaribu pasi ya haraka. Mpira aliopoteza katikati ulizaa bao la kwanza la Chile, na mapumziko akatolewa, Koke akaingia. Hispania ikaaga mashindano. Aliondoka timu ya taifa akiwa na mechi 114 na mabao 16.

Wengi walidhani amekwisha. Kocha Pep Guardiola akamchukua Bayern ya Ujerumani kiangazi hichohicho, Toni Kroos akielekea Madrid, na mwezi Septemba dhidi ya Köln Alonso aligusa mpira zaidi ya mara 200 katika mechi moja. Bayern ilishika mpira muda mrefu kiasi kwamba nafasi za kumkimbiza zilikuwa chache. Pale zilipotokea, Philipp Lahm alikuwa karibu. Bundesliga, yaani ubingwa wa Ujerumani, tatu mfululizo. Wote wawili walitundika daluga siku moja, 20 Mei 2017, mechi na Freiburg.

Miaka sita baadaye, akiwa kocha wa Bayer Leverkusen, alimleta Granit Xhaka kutoka Arsenal. Naye ni kiungo mwenye pasi ndefu na mbio chache, na kadi zake zinajulikana. Leverkusen ikatwaa Bundesliga ya 2023/24 kwa ushindi 28 na sare 6, bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Xhaka hakuachwa peke yake katikati: pembeni yake alisimama Exequiel Palacios, au Robert Andrich.