Siku moja ya mwalimu wa JSS (sekondari msingi, Gredi 7 hadi 9) huku Kaloleni, kwa wanaouliza kwa nini tunagoma

Saa kumi na moja alfajiri. Niko macho sababu madaftari ya Gredi 8 yalinishinda jana usiku na leo niko zamu, kwa hivyo nasahihisha huku maji ya chai yanachemka na mtoto wangu bado amelala.

Saa kumi na mbili na nusu. Boda. Huyu jamaa ananibeba kila asubuhi na lazima tuongee siasa, leo kaanza hivi: "Madam, mtagoma tena lini? Maana nyinyi mkigoma tu mnaongezwa." Nikamwambia kaka, si hivyo. Akasema angalau wewe mwisho wa mwezi simu inalia. Hapo nikanyamaza, sababu ni kweli, mvua ikinyesha yeye hapati kitu na mimi mshahara wangu unaingia. Wengi wanaotulaumu hawajawahi kushika pesilipu maishani, sasa wakisikia mwenye mshahara analia hautoshi wanaona ni tamaa tu. Siwachukii kwa hilo.

Saa moja. Getini, kuandikisha waliochelewa, kusimamia usafi, na kutafuta nani hajala tangu jana. Hao unawajua kwa kuangalia tu.

Saa mbili hadi saa nne vipindi, dakika 40 kila kimoja, bila kupumzika. Mimi nilisomea Baiolojia na Kemia lakini nafundisha Sayansi, Kilimo na somo la ufundi pia, maana hakuna mwingine wa kulishika. Sekondari msingi yetu imewekwa ndani ya shule ya msingi, maabara hakuna, kwa hivyo asidi na besi tunafanya kwa ndimu na maji ya majivu. Ndimu nimenunua mimi. Hiyo haihesabiwi popote.

Chai ya saa nne ndio stafrumu huwa na moto. Nikawasimulia ya boda, na mwalimu wetu mmoja anayekaribia kustaafu akaweka kikombe chini akasema mwambieni huyo kijana habari ya 2015, korti iliamuru tuongezwe asilimia 50 hadi 60, serikali ikasema haina pesa, tukagoma wiki tano, shule zikafungwa, halafu Mahakama ya Rufaa ikafuta ile nyongeza yote. Wiki tano na mkono mtupu! Watu wanakumbuka shule kufungwa, ile hukumu iliyofutwa haikumbukwi na mtu.

Pale pembeni yuko mwenzangu wa hisabati, ni mwanagenzi, yaani yuko kwa mkataba wa muda bila ajira ya kudumu, analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi na makato yakipita inabaki kama 17,000. Vipindi vyake ni vingi kuliko vyangu. Mimi nilikuwa hapo alipo, mmoja wa wale wanagenzi 46,000 wa JSS, digrii ile ile, kazi ile ile, na nauli na kodi ya nyumba havikujua kwamba mimi ni mwanagenzi. Aprili 2024 korti ilisema kutuajiri vile ni kinyume cha sheria, lakini hukumu haikutuandikia barua za kazi, tuligoma muhula wa pili, na Agosti 26 muhula wa tatu ulipofunguliwa walimu wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, nao wakatoka, ikaenda wiki nzima. Januari 2025 ndio tukapata ajira ya kudumu. Mwaka huo huo wakaletwa wanagenzi wengine, mshahara ule ule.

Saa saba na nusu. Sahani ya wali bado iko mkononi, mama mmoja akaingia kuulizia mwanawe wa Gredi 9. Tukaongea vizuri, halafu akaleta ya mgomo, alikuwa nayo moyoni tangu 2024. "Madam, mlituumiza sisi. Watoto wa wakubwa wako praiveti, wao hawakukosa hata siku moja." Hii ndio lawama inayonichoma kuliko zote sababu hakudanganya. Mgomo unamfikia yeye siku ya kwanza, na ofisi ya Nairobi unaifikia mwisho kabisa, kama unafika. Nikamwambia mama, mwalimu aliyemfundisha mwanao hesabu mwaka ule alikuwa anakopa unga dukani, na tulishaandika barua, tukaenda kortini, tukangoja. Akanyamaza kidogo akasema, "Sasa hayo si mtuambie sisi wazazi kabla hamjatoka?" Ana haki. Mikutano ya wazazi tunaongea madawati na pesa za chakula, habari ya wanagenzi wanaikuta redioni siku ya mgomo.

Saa tisa michezo, saa kumi watoto wanatoka, na hapo ndipo mtaa wote unaamini mwalimu amemaliza kazi.

Saa kumi na moja jioni bado niko darasani, naingiza alama za miradi ya wanafunzi kwenye mtandao wa KNEC, baraza la mitihani, kwa simu yangu na bando yangu, netwaki inakatika naanza upya. Nimefika nyumbani giza limeingia.

Saa tatu usiku napika huku naandika maazimio ya kazi ya wiki ijayo. Yule mama ametuma meseji anauliza mkutano wa wazazi ni lini. Nimemjibu ni Ijumaa, na nimemwandikia mwalimu mkuu nipewe dakika kumi niwaeleze wazazi habari ya wanagenzi, 20,000 na yote, mwenzangu wa hisabati amekubali kusimama na mimi. Na mkataba wao ukiisha bila ajira wakaamua kutoka, mimi nitatoka nao, na safari hii wazazi watakuwa wameshajua sababu.