Sanger na ile rangi ya manjano

Nobel ya kemia mara mbili, 1958 na 1980, na bado Frederick Sanger hakuwahi kushika kiti cha uprofesa. Hakuwa na mzigo wa mihadhara. Kamati alizikwepa. Miaka arobaini hivi alisimama mezani maabara, chupa mkononi, na mwaka 1983, alipotimiza miaka 65, akaacha kazi akaenda kulima bustani yake kijijini Swaffham Bulbeck. Ukiupima wasifu wake kwa vipimo vya kupandishia wahadhiri vyeo leo, naona angekwama mapema.

Alizaliwa 1918 Rendcomb, Gloucestershire. Baba alikuwa daktari, mama alitoka ukoo wa matajiri wa viwanda vya pamba, na nyumba nzima ikawa ya Marafiki (Quaker), madhehebu ambayo wasomaji wa Magharibi mwa Kenya wanayajua vizuri kuliko Waingereza wengi. Alisoma shule ya Bryanston, akaingia St John's College, Cambridge, mwaka 1936. Fizikia na hisabati zilimtoa jasho. Fizikia akaiacha, akachukua fiziolojia badala yake, na sehemu ya kwanza ya shahada ikamla miaka mitatu badala ya miwili. Alipokutana na baiokemia ndipo akapata daraja la kwanza.

Jambo moja alilikiri mwenyewe waziwazi, na wanaomsifu hulipita haraka: hakuwahi kushinda ufadhili wa masomo, na bila uwezo wa wazazi wake huenda Cambridge asingeiona. Wazazi hao wote wawili walifariki kwa saratani akiwa bado anasoma shahada ya kwanza.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza alikataa kupigana, kwa imani yake. Mwaka 1940 akaanza uzamivu chini ya mwanabaiokemia Pirie, kazi ikiwa kutafuta protini ya kuliwa kutoka kwenye nyasi. Haukupita muda Pirie akahama, na Albert Neuberger akampokea na kumpa mada nyingine: mwili wa mnyama unaitumiaje laisini, mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vinavyoungana mnyororo kuwa protini. Alihitimu 1943.

Kisha Chibnall, profesa mpya wa baiokemia, akampa swali dogo: vichwa vya minyororo ya insulini ni asidi amino zipi? Insulini ilichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa. Ilikuwa mojawapo ya protini chache safi ambazo mtu angeweza kuzinunua, kwenye duka la dawa la Boots.

Mbinu yake ni nzuri hadi leo ukiifikiria. Unachukua kemikali iitwayo fluorodinitrobenzini, unaichanganya na protini kwenye maji yenye bikaboneti ya sodiamu, bila kuchemsha. Kemikali ya aina hiyo yenye klorini badala ya florini ilihitaji moto, na moto huharibu protini. Yenye florini hushika kwenye joto la kawaida. Inang'ang'ania kikundi cha amino kilicho huru, yaani kichwa cha mnyororo, na kukipaka manjano. Baada ya hapo unachemsha kwa asidi ya hidrokloriki. Viungo kati ya asidi amino vinakatika, lakini rangi haiachii. Unavuta ile manjano kwa etha, unaipitisha kwenye safu ya silika, unalinganisha mkanda wake na sampuli unazozijua.

Mitego ipo. Laisini ina amino ya pili ubavuni, kwa hiyo inapakwa rangi hata ikiwa katikati ya mnyororo. Kinachookoa ni kwamba laisini hiyo ya ubavuni hubaki kwenye maji, haihamii kwenye etha. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: glaisini iliyopakwa rangi huoza ndani ya asidi inayochemka. Usipopima kiasi kinachopotea na kukirudisha kwenye hesabu, utaona vichwa vichache kuliko vilivyopo. Na vichwa vya insulini vilikuwa fenilalanini na hiyo hiyo glaisini.

Ikawa wazi kuwa kuna minyororo ya aina mbili. Sanger aliitenganisha kwa asidi ya pafomiki, inayokata madaraja ya salfa. Mnyororo B, wa asidi amino 30, aliumaliza na Hans Tuppy mwaka 1951. Mnyororo A, wa 21, aliumaliza na mwenzake Thompson mwaka 1953. Waliuvunja mnyororo nusu nusu, wakasoma vipande vya asidi amino mbili, tatu, nne, kisha wakaviunganisha pale vinapofanana. Bahati nayo ilikuwepo: insulini haina triptofani, ambayo asidi ya moto huiharibu. Madaraja ya salfa ndiyo yaliyowachelewesha hadi 1955, maana wakati wa kuvunja yalikuwa yanabadilishana wenzi, na unasoma kiungo ambacho kwenye insulini hakikuwepo kamwe.

Baada ya hapo, karibu miaka kumi bila matokeo makubwa. Baraza la Utafiti wa Tiba, lililomwajiri tangu 1951, liliendelea kumlipa, na mwaka 1962 akahamia maabara mpya ya baraza hilo hapo Cambridge. Sijui ni mfadhili gani leo angevumilia hivyo.

Mwaka 1977 ikaja njia yake ya kusoma DNA, uzi wa urithi ulioandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, C, G na T. Unaunda nakala ya uzi huo, herufi kwa herufi. Mirija minne, na katika kila mmoja unaweka kidogo cha herufi moja iliyonyimwa oksijeni ambapo inayofuata ingeshikia. Ikiingia, mnyororo unakoma, na vipande vinavyopatikana hupangwa kwa urefu kwenye jeli, vikawa mistari ya kusoma. Ukizidisha herufi hiyo, minyororo yote inakatika mapema. Ukipunguza mno, haikatiki na jeli haisomeki. Penye G na C nyingi uzi hujikunja na mistari ikabanana, ndiyo maana jeli huwekwa yurea na kupashwa moto, na uzi wa pili husomwa pia kuhakikisha.

Wanafunzi wake wa uzamivu walizidi kumi kidogo tu. Wa kwanza, Rodney Porter, alipata Nobel 1972. Elizabeth Blackburn alihitimu 1975, akaondoka na ustadi huo wa kusoma herufi hadi Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akauelekeza kwenye ncha za kromosomu (vifurushi vya DNA ndani ya seli) za Tetrahymena, kiumbe wa seli moja anayeishi kwenye madimbwi. Alikuta herufi sita zilezile, zikijirudia.