Siku yangu na mshipa mkuu wa damu

Saa moja na nusu asubuhi nawasha mashine ya ultrasaundi, nafuta kichwa cha kupimia, najaza chupa ya jeli. Mpaka saa nne ni wajawazito tu. Hapa Pemba wengi wanadhani kazi yangu ndiyo hiyo.

Saa nne na robo anaingia mzee aliyetoka Micheweni kwa daladala. Cheti kimeandikwa: presha, mvutaji sigara, tumbo linadunda, ipimwe aota, yaani mshipa mkuu wa damu.

"Shikamoo babu. Umekula?"

"Marahaba. Sijala, mwanangu. Chai tu, na muhogo kidogo kwa maharage."

Huyo kala! Alitakiwa akae saa sita hadi nane tumbo tupu, maana gesi ya utumbo huzuia mawimbi ya sauti. Kumrudisha Micheweni siwezi. Namlaza chali, magoti juu ili tumbo lilegee, naanzia chini ya chembe cha moyo. Natafuta kwanza kivuli cha uti wa mgongo. Mbele yake ipo miduara miwili: wa kuliani kwake ni vena inayorudisha damu moyoni, hubonyea nikikandamiza, wa kushoto, wenye ukuta mnene, ndiyo aota. Wanaoanza huchanganya hapo.

Kisha gesi. Kioo cheupe. Nabonyeza taratibu, nasubiri isogee. Nguvu situmii, huenda mshipa umevimba. Namgeuza ubavu, napima kwa pembeni. Jeli inakauka, naongeza, bega linaniuma, foleni nje inagonga mlango.

Hatimaye unaonekana. Napima ukuta wa nje hadi wa nje, mbele kwenda nyuma, picha ikiukata mshipa kwa pembe mraba. Ukiukata mshazari unaonekana mpana kuliko ulivyo. Damu iliyoganda ukutani nayo ihesabiwe. Kawaida ni kama sentimita 2, ikifika 3 ni uvimbe, na kwa mwanamume kwenye 5.5 ndipo upasuaji huzungumzwa. Chini ya mishipa ya figo, panapovimba zaidi, wake ni 3.4. Kudunda peke yake si ugonjwa. Mtu mwembamba akilala huliona tumbo lake likipiga.

"Dawa ya presha unameza, babu?"

"Nikiumwa kichwa."

Naandika vipimo vyote, namrudisha kwa daktari wake na onyo la sigara. Baada ya hapo sikumbuki vizuri: figo, nyongo, umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikaanza upya. Alasiri imeshaadhiniwa, bado wanne.