Ziwa Ellis kwa pikapu yenye kijumba: uzito, matope na mita 3,450

Maziwa mengi ya milimani kwetu hayataki gari. Ngozi kule Mbeya ni miguu hadi ukingo wa kreta. Michaelson, chini ya magenge ya upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ni miguu vilevile. Ellis, kwenye mlima huohuo, ni mojawapo ya machache ambayo pikapu ya fowili (inayovuta kwa magurudumu yote manne) hufika, tena ikiwa imebeba kijumba cha kulala mgongoni, kupitia lango la Chogoria. Wengi wanaojiandaa kwenda huulizia hali ya barabara tu. Mimi naanza na mizani, kwa sababu kona ambayo Land Cruiser tupu inapita ikipiga mluzi ndiyo inayolaza pikapu iliyojazwa ovyo.

Njia yenyewe kwa ufupi: kutoka Nairobi hadi mji wa Chogoria, kwenye lami ya Embu–Meru, ni kama kilomita 200. Hapo uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Unapanda kama kilomita 30 za udongo hadi langoni, mita 2,950, ukipita mashamba ya chai, msitu, kisha mianzi. Kutoka langoni hadi Ellis ni kama kilomita 10 zaidi, nyingi zikiwa katika nyasi za mafundo na vichaka vya erika. Ada za mbuga lipia kwa eCitizen ukiwa bado mjini, maana huko juu mtandao ni wa kubahatisha.

Uzito

Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kitabu cha gari: kuna uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mzigo wako wote, nawe ukiwemo. Kwa Hilux nyingi ni karibu tani moja, na dabokabini mara nyingi hupungua hapo.

Sasa hesabu. Kijumba chepesi cha alumini, kilo 350. Maji lita 80, kilo 80. Dizeli ya akiba lita 40, kilo 34. Watu wawili, kilo 150. Betri ya pili, 30. Tairi la pili la akiba, 35. Jeki, zana na minyororo, 60. Chakula, mtungi wa gesi na matandiko, 60. Jumla kilo 799, na hujafunga winchi (mashine ya kujivutia kwa waya) wala bampa ya chuma. Kijumba cha mbao na vyuma vilivyochomelewa mtaani hufika kilo 600 bila shida, na hapo hesabu imekufa kabla hujapakia sufuria.

Dizeli ya akiba iache. Kutoka Chogoria hadi Ellis na kurudi ni kilomita 80 tu, na hata ukitumia lita 25 kwa kilomita 100 kwa ajili ya gia nzito, tangi lililojazwa mjini linatosha na kubaki. Maji nayo yapunguze yawe lita 40. Huu si mchanga wa jangwa la Chalbi, vijito viko kila mahali. Umeshatoa kilo 74 bila kununua chochote. Kisha peleka gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kabisa, upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kwa sababu jumla inaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma imezidiwa.

Mahali uzito unapokaa panauma kuliko kiasi chake. Kila kitu kilicho nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi ya mtaimbo: kinabonyeza nyuma na kuinua mbele, usukani unakuwa mwepesi, na kila shimo linaikunja chesisi mahali pale pale, nyuma kidogo ya kabini. Dabokabini zinaumia zaidi, maana sehemu kubwa ya karai lao (sehemu ya mzigo) iko nyuma ya ekseli. Tangi la maji na betri viegemee ukuta wa kabini. Tairi la pili la akiba lisiwe kwenye mlango wa nyuma wa kijumba. Panapendeza kwenye picha, lakini ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Wengi hufunga mabegi ya hewa kati ya chesisi na ekseli ili gari lisilale nyuma. Gari husimama sawa kweli, lakini springi za majani zilikuwa zikigawa mzigo katika sehemu mbili za chesisi, mbele na nyuma ya ekseli. Begi linasukuma mahali pamoja tu, katikati. Chesisi nyingi zilizopinda zina historia hiyo. Kama kijumba hakitolewi mgongoni, agiza springi zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu, pamoja na shokabzoba za kuziendea. Ukishafunga springi mpya, kaza tena yubolti (zinazobana springi kwenye ekseli) baada ya kilomita 100, na mara nyingine baada ya 500. Yubolti ikilegea, senta bolti, ile ya katikati inayoshika majani ya springi, hukatika, ekseli husogea nyuma upande mmoja, na gari huanza kutembea kama kaa.

Kijumba kifungwe kwenye chesisi, si kwenye bati la karai. Vikazio vinne vyenye springi ndani yake, ili chesisi ikijipinda kwenye mashimo kijumba kisirarue mashikio. Weka mpira wa milimita 8 hadi 10 chini yake. Baada ya kilomita 20 za kwanza za udongo simama ukaze tena, maana hapo ndipo kila kitu kinapokaa mahali pake.

Kimo nacho kina hesabu yake. Ikiwa magurudumu yametengana mita 1.5 na kitovu cha uzito kiko sentimita 70 juu ya ardhi, kwenye karatasi gari hubingirika likifika nyuzi 47. Kijumba kikikipandisha kitovu hicho hadi mita 1, unabaki na nyuzi 37. Springi kulala, tairi kubonyea na shimo moja upande wa chini hula sehemu kubwa ya hizo. Kwa pikapu yenye kijumba, nyuzi 20 za kuegama ubavuni ndio mwisho wangu. Bandika kipimo cha pembe kwenye dashibodi, kwa kuwa tumbo huogopa mapema mno kwa mgeni na kuchelewa mno kwa mzoefu.

Tairi na matope

Udongo wa chini ni mwekundu wa volkano: ukiwa mkavu ni barabara, ukilowa ni sabuni. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hulenga hasa upande huu wa mashariki na wa kusini wa mlima. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika zaidi. Hata katika kiangazi, mawingu hujikusanya mchana, kwa hiyo mianzi ipitwe asubuhi. Mvua ikinyesha usiku kucha, ngoja. Saa tano za jua huondoa matatizo ambayo winchi ingeyamaliza kwa siku nzima.

Kwenye lami tairi za nyuma zenye mzigo huu huhitaji psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 45 hadi 50, kulingana na tairi. Ukiacha lami, shusha hadi 32 nyuma na 26 mbele. Kwenye matope, 25 nyuma na 22 mbele, mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Chini ya hapo, kwa uzito huu, ukuta wa tairi hubanwa kati ya rimu na jiwe ukakatika, na mkato wa ubavuni hauzibwi. Pampu ya hewa ni lazima, kwa kuwa utarudi kwenye lami.

Jambo moja huchanganya watu. Kutoka Chogoria hadi ziwani shinikizo la hewa ya nje hushuka, na kipimo cha tairi huonyesha karibu psi 3 zaidi bila wewe kuongeza kitu. Baridi ya usiku nayo hupunguza psi 2 hadi 3 hivi. Mambo hayo mawili yanavutana, basi usiamke alfajiri ukaanza kujaza hewa. Pima ukishashuka.

Fowili ingiza kabla ya matope. Kama gari lako lina habu (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono, zifunge ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Kijiti cha fowili kikiwa 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) huku habu zimefunguliwa, unaendesha gari la magurudumu mawili lenye taa ya matumaini kwenye dashibodi. Kupanda kwenye utelezi, tumia 4L (fowili ya mwendo mdogo na nguvu nyingi) gia ya pili au ya tatu, mguu umetulia. Gia ya kwanza huzungusha magurudumu na kuchimba.

Mitaro ya magurudumu ina mtego kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70 za baada ya 2007: magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10. Ya mbele yakikaa kwenye mtaro, ya nyuma hupanda kingo zake, na gari zito juu huanza kuyumba. Suluhisho si mwendo kasi. Jaza mtaro kwa mawe, au panda juu ya tuta katikati ikiwa upana unaruhusu.

Minyororo ya tairi, ile ya theluji, ndiyo kifaa ambacho ningechukua kabla ya winchi. Jozi mbili ni bora. Ukiwa na moja tu, ifunge nyuma wakati wa kupanda, kwa sababu mzigo wote uko huko. Ifunge kabla ya kukwama; kufunga mnyororo kwenye gurudumu lililozama hadi ekseli ni adhabu. Tembea mita 100, simama, kaza tena, la sivyo itapiga bomba la breki.

Winchi iwe na nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa: gari la tani 3, winchi ya kilo 4,500. Msituni funga mkanda mpana kwenye mti, usifunge waya mtupu. Ila ukishapita miti hakuna cha kufungia. Erika ina mizizi ya juujuu na hung'oka, na udongo wa kule ni mweusi, umelowa, laini mithili ya ugali ambao haujaiva. Juu ya lango, vifaa vya kazi ni koleo, vibao viwili vya kujikwamulia, na ubao wa sentimita 40 kwa 40 wenye unene wa sentimita 3 wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao huo jeki itazama yenyewe huku gari likiwa palepale. Magari mawili ni bora kuliko vifaa vyote hivyo.

Mianzi: baada ya mvua huinama juu ya barabara. Kijumba cha mita 2.6 hukwaruzwa, lakini kinachovunjika ni paneli ya jua na kifuniko cha dirisha la paa. Beba panga, na usikate zaidi ya kilichoanguka barabarani. Tembo na nyati hutumia njia hiyohiyo. Ukikuta kinyesi kinachotoa mvuke, simama, zima redio, ungoja. Kurudi nyuma kwa haraka na kijumba kinachoziba kioo cha nyuma ni kutafuta mtaro.

Injini na mapafu

Kwenye mita 3,450 hewa ina theluthi mbili tu ya shinikizo la pwani. Injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser, isiyo na turbo, hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na hutoa moshi mweusi kwa kuwa pampu bado inapeleka dizeli ile ile kwa hewa pungufu. Hiyo si hitilafu, usiguse pampu. Shuka gia mapema, na kagua kichungi cha hewa, kwa sababu vumbi la chini hugeuka kero kubwa huku juu. Injini za turbo huumia kidogo tu.

Mwili hauna turbo. Gari linaweza kumtoa mtu Mombasa na kumlaza ziwani ndani ya siku mbili, na kichwa kitagonga usiku kucha. Lala usiku mmoja langoni kwanza. Maumivu ya kichwa pamoja na kutapika, kuyumba, au kupumua kwa shida hata umekaa, ni amri ya kushuka saa hiyohiyo, siyo asubuhi. Kwa hiyo egesha gari likiangalia njia ya kutokea.

Usiku ziwani hushuka chini ya sifuri. Jiko la makaa lisiingie ndani ya kijumba, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na chumba cha mita za ujazo sita au saba hujaa upesi. Jiko la gesi ni la kupikia tu, tundu la chini na la juu yakiwa wazi, na king'ora cha monoksidi kiwe kwenye kimo cha kitanda. Joto la kulalia litoke kwenye blanketi na chupa ya maji moto.

Maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo githeri ichemshwe nyumbani au uwe na sufuria ya presha. Maji ya kunywa yachemke dakika tatu kamili. Usioge wala kuosha vyombo ziwani. Vijito vya upande huu huishia mto Tana, na kabla ya hapo hupita kwenye vijiji. Moto wa kuni usiwashe kabisa: Machi 2012 moto ulikula eneo kubwa la mlima huu. Samaki aina ya trauti wamo, ila uliza kibali langoni kabla ya kutupa ndoano. Kama unataka Ziwa Alice, gari libaki Ellis au uzungukie upande wa Rutundu, ambako mwanamfalme William alimposa Kate mwaka 2010. Kwa vyovyote vile mwisho ni miguu.

Kushuka

Mita 1,950 za kuteremka, na tani 3 zinazokusukuma mgongoni. Tumia 4L gia ya pili, injini ibebe kazi, breki iguswe kwa vipindi. Usikanyage klachi kwenye mteremko. Gari likianza kuteleza ubavu, kanyaga mafuta kidogo. Breki hufunga magurudumu na kuondoa usukani. Ukisikia harufu ya breki, simama nusu saa, bila kumwagia drami maji, maana chuma cha moto kikipata maji hupasuka.

Ukifika Chogoria fungua habu, jaza tairi, osha chini ya gari, kisha ingia na tochi nyuma ya kabini. Tafuta rangi iliyopasuka kama uzi kwenye chesisi, juu ya mpira wa kuzuia ekseli. Hapo ndipo ufa huanzia, na ufa wa sentimita 2 ni kazi ya fundi wa kuchomelea mwenye bamba la kuimarishia, wakati wa sentimita 10 ni chesisi nyingine.