Nimetwaa Ng'ombe wa Nani?

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu. Neno letu la juma hili ni 1 Samweli 12:1-5, na ninaomba kila jumuiya ilisome lote kabla ya kuendelea na tafakari hii.

Samweli amezeeka, ana mvi, na uongozi unapita kwenda kwa Sauli. Anasimama mbele ya Israeli yote na kuwataka wamshuhudie mbele za Bwana: ametwaa ng'ombe wa nani, au punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa kwa mkono wa nani hata akapofuka macho? Anaahidi kwamba akionekana na cha mtu, atakirudisha. Waliokuwa wakituhumiwa ni wanawe, Yoeli na Abiya, waamuzi wa Beer-sheba, ambao sura ya 8 inasema wazi kwamba walitamani faida, wakapokea rushwa na kupotosha hukumu. Wazee wa Israeli walipokwenda Rama kulalamika, kosa lao mbele za Mungu lilikuwa kutaka mfalme kama mataifa mengine. Malalamiko yao juu ya waamuzi wale wawili Biblia haiyakanushi hata kidogo. Kwa hiyo mwamini aliyekosa imani na kiongozi fulani wa umma asidhani kwamba amekwisha kutenda dhambi.

Sisi wa Arusha tunaishi katika mji ambao swali la Samweli limeulizwa zaidi ya mara moja. Azimio la mwaka 1967, linaloitwa kwa jina la mji huu, liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake. Ni hatua njema, ingawa mimi naona pengo lililobaki ni kubwa: Samweli aliuliza hadharani, lakini tamko la siku hizi hupelekwa kwa Kamishna wa Maadili, na mkulima wa Ngaramtoni ni nadra sana kulitia machoni.

Ni hapa hapa Arusha pia, mwaka 1998, ambapo Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alikiri makosa yake mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Cheo hakikumkinga. Torati ilikwisha kusema hivyo katika Kumbukumbu la Torati 17, inapomwagiza mfalme ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. (Wanaopenda kutusomea Warumi 13 wasiishie kwenye utii wa raia, mstari wa 4 unamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yetu.)

Wapo pia waliowajibika bila kuburutwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, baada ya raia kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatesa. Mwaka 1985 taifa hilohilo lilimpa urais. Wanaoogopa kwamba kuwajibika ni kujimaliza wanapaswa kulitazama jambo hili kwa makini.

Lakini somo letu halimhusu Samweli peke yake. Watu walipoulizwa, walijibu kwamba hakuwadhulumu wala hakuwaonea, na jibu hilo walilitoa huku Bwana akiwa shahidi. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wetu mkubwa. Ndani ya daladala tunatangaza kwamba viongozi wote ni wezi. Kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ufanyike walau kila miezi mitatu, unaitishwa, mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu wachache, na hakuna anayenyoosha mkono kuuliza fedha za darasa au za mfereji zimefika wapi. Anayesema wote ni wezi amemsitiri mwizi, kwa kuwa amemchanganya na asiyeiba, na amemshuhudia uongo mtumishi mwaminifu, jambo ambalo Kutoka 23:1 inalikataza. Kutoka manung'uniko hadi ushahidi kuna kazi: kuhudhuria, kusikiliza taarifa hadi mwisho, kuuliza kwa adabu, kuandika jibu lililotolewa, na likiwa na mashaka kulifikisha halmashauri au TAKUKURU likiwa na jina, tarehe na kiasi.

Katika maombi ya juma hili tuwataje wenyeviti wa vijiji na mitaa, wakaguzi wa hesabu na mahakimu. Tuwaombee pia waliokwisha kutoa taarifa za ubadhirifu na sasa wanaogopa kupoteza ajira, ili Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi iwafikie kwa vitendo, na wazee wa kanisa wasione shida kuwasindikiza siku watakapoitwa kutoa ushahidi.