Watoto Waliokaa Kwangu Barabara Zilipofungwa

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili 2020, saa moja jioni, Nairobi na viunga vyake vilifungwa kwa ajili ya korona. Tangazo lilitolewa mchana na kuanza kutekelezwa jioni ileile, kwa hiyo aliyekuwa nje ya jiji alibaki nje, na aliyekuwa ndani alibaki ndani. Mama mmoja mchuuzi wa mboga, mkazi wa Kayole, alikuwa Embu akimuuguza mamake, na watoto wake wawili, msichana wa miaka kumi na mvulana wa miaka minne, alikuwa amewaacha na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Alikuwa amepanga kurudi katikati ya juma hilo. Sitawataja watoto hao kwa majina, wala sitataja mtaa ninaoishi, kwa sababu sheria yetu inakataza kumwanika mtoto ambaye shauri lake limefika mahakamani, na kwa sababu wakati ule usalama wao ulitegemea pasijulikane walipokuwa wamelala.

Yaliyowapata usiku ule nitayaeleza kwa ufupi. Mwanamume yule alirudi amelewa, akampiga msichana kwa mkanda mpaka jirani wa ukuta wa pili akashindwa kuvumilia. Kafyu ilikuwa imeanza na jirani hangeweza kwenda popote, lakini simu alikuwa nayo, akapiga 116, nambari ya kuwasaidia watoto ambayo hupokelewa usiku na mchana bila malipo. Polisi walifika, tukio likaandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na asubuhi msichana akapelekwa hospitali akapimwa na kujaziwa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha aliyoyaona. Mwanamume alikamatwa. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo watu wengi hawalifikirii wanaposikia kwamba mtoto ameokolewa: ameokolewa, sawa, lakini leo atalala wapi?

Jamaa wote wa mama walikuwa ng'ambo ya vizuizi. Makao ya watoto ambayo afisa wa watoto aliyapigia simu yalikuwa yameacha kupokea watoto wapya kwa hofu ya ugonjwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jina langu lilikuwa kwenye orodha fupi ya watu ambao afisa huyo alikuwa amekwisha kuwakagua ili waweze kuwatunza watoto kwa muda: alikuwa amekuja kuona nyumba, akachukua barua ya chifu na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, akawahoji hata wanangu. Nilipokubali kukaguliwa sikuwa na mtoto fulani akilini, wala sikuahidiwa malipo yoyote. Siku hiyo alinipigia akaniuliza kama ningeweza kuwachukua wote wawili pamoja, kwa maana mtu mwingine alikuwa tayari kumchukua mvulana peke yake. Nilimwambia waje wote.

Walikuja alasiri kwa gari la serikali, wakiwa na barakoa za kitambaa zilizowazidi nyuso. Msichana alikuwa amebeba mkoba wa shule. Alipoufungua kitandani niliona vitu alivyochagua mwenyewe wakati polisi wakimsubiri mlangoni: suruali mbili za ndugu yake, kadi yake ya kliniki, sweta ya shule, na daftari la hesabu ambalo nyuma yake mama alikuwa ameandika nambari yake ya simu kwa kalamu ya wino mwekundu. Nguo zake mwenyewe hazikuwamo. Usiku alisogeza kigoda akakibana nyuma ya mlango wa chumba, kisha akajaribu komeo mara mbili. Sikumkataza. Niliwaambia wanangu kwamba mlango ule unabishwa, na anayeufungua ni yeye.

Barua ya afisa wa watoto ilisema mambo ambayo kila barua ya aina hiyo inapaswa kuyasema: ni nani anayewatunza watoto, kwa sababu gani, na hadi lini. Huo mwisho ulikuwa hadi mama atakaporuhusiwa kuingia Nairobi na nyumba atakayokaa nao ikaguliwe. Nilimsomea msichana barua yote, hata maneno magumu, kwa kuwa ilikuwa inamhusu yeye kuliko mimi.

Juma lile la kwanza mgeni mmoja, kwa wema wake, alimwambia, "Usilie, mama anakuja kesho." Kesho yake niliukuta mkoba umefungwa na mwenyewe ameketi langoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Jambo hilo liliniuma sana. Tangu siku hiyo nilishikilia kwamba nyumbani mwangu mtoto haambiwi tarehe ya kubuni. Tuliishusha kalenda ya ukutani, tukaizungushia duara tarehe 27 Aprili, siku ambayo zile siku 21 za kwanza zingekwisha, nikamweleza kwamba hiyo ndiyo iliyotangazwa na kwamba serikali inaweza kuisogeza. Akawa hakosi taarifa ya habari. Watu wazima walisubiri idadi ya wagonjwa, yeye akisubiri neno la barabara. Tarehe 25 Aprili zuio liliongezwa hadi 16 Mei, tukachora duara jipya; tarehe 16 Mei likaongezwa hadi 6 Juni. Mara hizo mbili alinyamaza tu. Siku ya Juni, Rais alipotangaza siku nyingine 30, alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu afike, nami nikaketi naye jikoni mpaka chai ikapoa, bila kumwahidi lolote zaidi ya kwamba jioni tutampigia mamake simu.

Simu hiyo ilikuwa haikosi. Mama alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyoweza kuonyesha picha, hivyo tuliweka sauti ya juu, naye akawa anamuuliza mvulana amekula nini na kumwambia dadake amsugue magoti. Mara moja moja alituma shilingi mia mbili au mia tatu kwa M-Pesa, kwa kuwa miezi ile kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada. Fedha hizo hazikutosha, lakini kila zilipoingia niliwaonyesha watoto ujumbe na kuwaambia kwamba maziwa ya leo yamenunuliwa na mama. Mvulana alipoanza kuniita mama, nilimrekebisha kwa upole: mimi ni Mwalimu, mamako yuko Embu. Wapo walioniona nina moyo mgumu. Mimi naamini hadi leo kwamba anayemtunza mtoto kwa muda anatunza pia nafasi ya mzazi, na kwamba mapenzi yanayoijaza nafasi hiyo haraka humgharimu mtoto baadaye, siku ya kurudi kwao inapofika.

Barabara zilifunguliwa tarehe 7 Julai na mama akafika Nairobi siku hiyohiyo. Hakurudi kwa yule mwanamume, ambaye alikuwa ameachiliwa kwa dhamana. Lakini hakuwa na nyumba wala mtaji, na tulipokutana katika ofisi ya afisa wa watoto alinigeukia akasema, "Mwalimu, huyu mdogo akae kwako kwanza. Mimi nikijipanga nitamchukua."

Nilikuwa na nafasi, na mvulana nilikuwa nimemzoea mno, kwa hiyo nusura nikubali. Afisa ndiye aliyetutuliza sote wawili. Alitueleza kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, na ile ya Kenya ya mwaka 2014 iliyoifuata, inasema umaskini peke yake si sababu ya kumtenga mtoto na mzazi wake, na kwamba ndugu hawatenganishwi bila sababu nzito. "Hapa hatari ilikuwa mtu, na mtu huyo mama ameachana naye," alisema. "Kinachobaki ni kodi ya nyumba." Nilishukuru kwa uwazi huo, kwa maana nimeona watoto wengi walioingia makao kwa sababu ya kodi ya nyumba na wakakulia humo. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa mwaka 2022 hadi 2032, unalenga kuwarudisha watoto wa aina hiyo katika familia, na ninautakia kila heri.

Basi tukaitafuta kodi. Walimu wenzangu walichanga, wachuuzi wa soko lake wakachanga, kanisa likatoa godoro na jiko. Kilipatikana chumba kimoja, mbali na Kayole, afisa akakikagua, mahakama ikaridhia, nasi tukatia sahihi fomu ya kuwakabidhi watoto kwa mama. Gredi ya nne iliporudi shuleni tarehe 12 Oktoba, msichana alitokea kwa mamake, akiwa na mkoba uleule, na afisa aliendelea kuwatembelea hadi mwaka uliofuata alipolifunga faili.